Sauti Mbili Ndani ya Pikapu

Jumatatu, 8 Agosti 1994
Nimenakili ombi la wakazi wa mtaa wetu wa Umoja kuhusu mtaro uliofurika, nakala tatu, kisha nikawasha pikapu kwenda kuliwasilisha kwenye ofisi za jiji. Ikapiga mlio mkali, kama nguruwe anayeburutwa. Wiki iliyopita ililia asubuhi tu. Leo haikunyamaza hata kidogo. Jumamosi nampeleka binti yangu Nekesa kanisani kufunga ndoa, mimi mwenyewe, kwa gari langu mwenyewe. Nilimwahidi alipokuwa darasa la tatu. Nina hofu.

Jumanne, 9 Agosti
Dereva mmoja alinishauri niupake mkanda wa feni sabuni ya mche. Nikaupaka. Kimya cha dakika tano! Kisha mlio ukarudi maradufu. Nikaukaza mkanda kwa nguvu zangu zote. Sasa kuna mngurumo pia, chini ya mlio. Ujinga ni wangu. Nauandika hapa nisije nikaukana.

Jumatano, 10 Agosti
Nilimpelekea Fundi Oduor, wa kando ya barabara ya Outer Ring, maelezo kwa maandishi, vifungu vinne. Akaigeuza karatasi mara mbili.
"Mzee, hii barua niifungue na spana namba ngapi?"
Wenzake wakaangua kicheko. Akaisikiliza injini kwa mbali, mikono mfukoni. "Imeisha, buda. Tunaitoa yote. Wiki mbili."
Wiki mbili! Nyumbani mke wangu akasema tukodi gari. "Baba Nekesa, bibi harusi hapelekwi kanisani na kelele." Nekesa akatazama pembeni. Hilo limeniuma kuliko kicheko cha mafundi.

Alhamisi, 11 Agosti
Siku ya ajabu! Mutua, jirani yangu mchonga vinyago, alinikuta asubuhi nimeinamia injini. Yeye hugonga gogo na kulisikiliza kabla ya kulichonga, ajue kama lina ufa ndani. Akaniletea fimbo ya muhugu, mti mgumu anaouchonga.
"Jirani, hili nalo ni gogo. Liulize pole pole."
Kwanza tukaumwagia mkanda maji kidogo, injini ikiwaka. Mlio ukakatika. Mngurumo ukabaki. Kumbe ni sauti mbili, si moja! Mlio ni wa mkanda, ulioharibiwa na sabuni yangu.
Nikazima, nikauvua mkanda, nikawasha kwa nusu dakika. Kimya. Kimya kitupu! Injini ni nzima! Nilipiga ukelele hata mama muuza sukuma wiki akauliza nimeshinda nini.
Kisha nikazizungusha puli, yale magurudumu yanayopitiwa na mkanda, kwa mkono, moja moja. Ya feni na pampu ya maji: laini. Ya jenereta inayochaji betri: inakwaruza kama changarawe ndani ya kopo. Tukarudisha mkanda, tukawasha. Nikaweka ncha ya fimbo kwenye jenereta, ncha nyingine sikioni. Mngurumo ukanijaa kichwani. Beringi! Nimeiua mwenyewe kwa kukaza mkanda kupita kiasi. Nimefurahi hata hivyo. Nimefurahi mno. Usingizi hauji.

Ijumaa, 12 Agosti
Karakana moja ya Industrial Area imetia beringi mpya. Mkanda mpya nimeufunga mwenyewe, si kwa hasira safari hii: nikiubonyeza katikati unalegea kiasi cha upana wa kidole. Nikawasha. Hakuna mlio. Hakuna mngurumo. Nikazima, nikawasha tena, mara sita, kwa raha tu.
Nikapita kwa Oduor makusudi. Akainua boneti mwenyewe.
"Ala! Mzee, injini umetoa na nani?"
Nikashusha boneti, nikaondoka. Kuondoka huko kulikuwa kutamu.
Mke wangu ameifunga pikapu riboni nyeupe. Hakutaja tena gari la kukodi.

Jumamosi, 13 Agosti
Wengine walitangulia kanisani. Tulibaki wawili, Nekesa na gauni lake, mimi na usukani. Miaka yote tumezungumza ndani ya pikapu hii kwa kupaza sauti. Leo alisema kwa sauti ya chini kabisa, nami nikamsikia.
"Baba, usikimbize."
Nikapunguza mwendo. Nikapitia Mowlem, njia ndefu.
Tulifika tumechelewa dakika kumi. Mchungaji aliitazama saa yake, kisha akanitazama. Nikampa Nekesa mkono, tukaingia.