Sindano Aliyoikataa Philipo

Ihanja, Ikungi,
Singida.
12 Agosti 2024

Mpendwa mwanangu Nathan,

Marahaba. Nimejiitikia mwenyewe, maana kuisubiri shikamoo yako miaka saba kumenichosha. U mzima huko Songea? Mkeo Happiness na mtoto hawajambo? Mimi shangazi yako sijambo, ni magoti tu. Simu hupokei, basi soma.

Baba yako anaumwa. Tangu Aprili chakula kinamkwama kifuani, hata ugali anausukuma kwa maji, na suruali anaifunga kwa kamba. Daktari akasema lazima waingize kamera kupitia mdomoni waone kuna nini.

Alitueleza vizuri. Kuna dawa ya kupuliza kooni: koo linakufa ganzi, mgonjwa yuko macho, na hakawii kurudi nyumbani. Kuna sindano ya usingizi mwepesi: anasinzia, hasumbuki sana, baadaye hakumbuki kitu, ila lazima awepo mtu wa kumrudisha nyumbani. Nusu kaputi kwake haikuhitajika. Hata kuku wangu wangeelewa.

Kaka yako Philipo hakuelewa. Bwana huyo, aliyeng'olewa jino akabebwa na watu wawili, ndiye aliyesimama mbele ya daktari kusema mwanaume aliyepita jandoni halazwi usingizi. Eti mzee akilegea atamwaga siri za jando mbele ya manesi! Nathan, hizo siri sisi wanawake tunazijua tangu tukichunga mbuzi. Tunanyamaza kwa kuwahurumia.

Basi wakampulizia. Daktari anasema wengi huvumilia, lakini baba yako alishindwa. Bomba lilipofika kooni akalishika kwa mikono miwili, akalichomoa. Hawakuona chochote. Philipo akatoka nje akala chapati mbili, na sisi tukapoteza wiki tatu kungoja siku nyingine, mgonjwa akizidi kukauka.

Mara ya pili nilikwenda mimi. Philipo nilimwachia kazi inayomfaa, kufukuza kuku kwenye mtama ulioanikwa. Daktari akamuuliza mzee mwenyewe anataka ipi. Akanigeukia: "Dada, wanichome tu. Naogopa." Katika nyumba yenu yote, mwanaume wa kweli nilimwona siku hiyo.

Walimchoma, wakambana kidoleni kile kidude cha kupima hewa, na dakika kumi hazikufika. Wameona uvimbe kwenye njia ya chakula. Wamekata kinyama kidogo, majibu ni tarehe 28. Uso wa daktari sikuupenda.

Akiwa bado kwenye usingizi alianza kusema. Siri ya jando haikutoka hata moja. Alisema, "Nathan ameshakula? Mwekeeni chakula." Akarudia, akarudia, mpaka nesi akaniuliza Nathan ni nani. Nikamjibu ni mwanawe, yuko njiani anakuja.

Alipoamka hakukumbuka lolote, na sasa anajigamba kwa wazee wenzake kwamba hakutoa neno. Sikumwambia. Nakuambia wewe, uliyenuna miaka saba kwa sababu ya shamba la Mungaa ambalo hata mihogo inalikataa.

Dada yako Kristina anakusalimu. Philipo naye, kaniomba niandike hivyo. Mungu awalinde wote watatu, na wewe akulinde safarini, kwa maana nesi yule tutamkuta tarehe 28, na mimi sijazoea kuonekana mwongo.

Ni mimi shangazi yako, nikupendaye pamoja na ujinga wako,
Rahabu