Mzee Futi Amebeba Kosa la Programu Yangu

Mpendwa Shangazi, naomba msaada, na naomba usinikaripie mpaka ufike mwisho, maana nikifika mwisho hata mimi nitakuwa tayari kukaripiwa.

Mimi ni mwandishi wa programu za kompyuta, mwanamke wa miaka ishirini na saba, na dada yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyenilea na kunisomesha, ana karakana ya ushonaji yenye vyerehani sita na meza moja ndefu ya kukatia, na mle ndani alikuwamo fundi mzee ambaye sote tunamwita Mzee Futi kwa sababu ile futi ya kupimia haikutoka shingoni mwake, hata akienda kunawa anakwenda nayo. Ndiye aliyemfundisha dada kazi tangu dada hajui kutunga uzi kwenye sindano, na pale karakana yeye ndiye aliyekuwa akipima wateja, anazungusha futi, anataja namba, dada anaandika daftarini.

Mwaka jana nikajitia ujuzi. Nikamwambia dada hili daftari limechakaa, nikuandikie programu, kila mteja awe na kadi yake ndani ya kompyuta, Mzee akitaja namba wewe unaingiza, mteja akirudi hakuna haja ya kumpima upya, na siku ya kukata unabonyeza mara moja tu unapata karatasi ya kukatia ambayo nyongeza ya mshono imeshahesabiwa, sentimita mbili kifuani, mbili kiunoni, mbili kwenye nyonga. Dada akafurahi, daftari tukalitupa, nami nikaonekana mtu wa maana.

Kosa lenyewe nitalieleza kwa lugha ya kawaida. Kwenye programu kuna sehemu niliyoipa kazi ya kuongeza zile sentimita, na ili ifanye kazi ni lazima uipe vipimo vya mteja. Sasa kumpa mtu kitu kuna njia mbili, ama unampa nakala, akiichorachora ya kwako iko salama, ama unamwonyesha ile yenyewe ilipo kabatini, na akiigusa ameigusa hiyo hiyo, na sisi ile ya kwanza tunaiita kupitisha kwa thamani, ya pili kupitisha kwa rejeleo. Mimi nilifanya jaribio kwa namba tupu, idadi ya nguo, nikaiongeza kule nikaona huku imebaki ilivyokuwa, nikasema basi, lugha hii inatoa nakala. Kumbe kwa namba tupu ni kweli, lakini kadi ya mteja si namba tupu, ni kifurushi kizima, na kifurushi hakinakiliwi, programu inaonyeshwa tu kilipo. Kwa hiyo kila dada alipotoa karatasi ya kukatia, hata kwa kuitazama tu, zile sentimita mbili ziliingia kwenye kadi yenyewe na kuhifadhiwa. Nguo ya kwanza ya mteja ilitoka sawa, ya pili ikapwaya kidogo, ya tatu ikawa pazia.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba nilishaambiwa. Kabla sijaandika hata mstari mmoja Mzee alinipeleka kwenye ukuta ambako ametundika vielelezo vyake, zile karatasi ngumu za umbo la gauni na shati, akaniambia, "Mwanangu, hiki hakiguswi kwa mkasi wala kwa chaki. Mteja akiwa mnene au mwembamba, chora nakala kwanza, halafu ongeza au punguza kwenye nakala. Ukikiongeza chenyewe, umewaharibia wote watakaokuja." Mimi nikaitikia ndiyo Mzee, ndiyo Mzee, huku naangalia simu.

Basi wakaja wahudumu kumi na wawili wa hoteli kuchukua sare zao za mara ya pili, na dada alikuwa amezitoa zile karatasi mara nne au tano akipanga vitambaa, na walipovaa, Shangazi, kila mmoja alionekana kama amevaa hema. Msimamizi wao akacheka, kisha akaacha kucheka. Dada akawapima upya palepale, akalinganisha na kadi, akakuta kila kadi imezidi, na kwa kuwa namba zote zilitoka kinywani mwa Mzee, akamgeukia mbele ya mafundi wote na wale wageni akasema, "Macho yako yamekwisha, Mzee, na mimi unaniaibisha." Nilikuwepo, nimekaa mbele ya kompyuta. Mzee aliivua futi shingoni, akaikunja taratibu, akaiweka mezani, akasema, "Labda ni kweli, mwanangu." Akaondoka, na ile futi mpaka leo imetundikwa kwenye msumari kando ya vielelezo vyake na hakuna anayeigusa.

Wiki tatu baadaye nikafungua kadi ya dada mwenyewe, ambaye ni mwembamba kama mimi, nikakuta kiuno chake ni sentimita mia na kumi na mbili. Nikaelewa pale pale. Nikaongeza mstari mmoja, chukua nakala kwanza, na kadi za zamani nikazirudisha kwa kutoa zile nyongeza moja moja, nikamwambia dada nimefanya marekebisho madogo. Tangu hapo nguo zinatoka sawa, na dada anawaambia watu, "Mnaona? Tangu Mzee aondoke vipimo vimetulia." Kila akisema hivyo mimi natazama sakafu.

Juzi nikakutana naye dukani asubuhi, amesimama bila futi shingoni, anaonekana kama mtu aliyesahau kuvaa shati. Nikataka kujificha nyuma ya magunia ya mchele lakini alishaniona. Akanishika mkono akaniuliza, "Ile mashine yako inaendeleaje? Nilikuwa nakuharibia kazi, mwanangu. Nisamehe." Akanieleza amepimwa macho, daktari amesema ni mazima kwa umri wake, "lakini daktari hakuziona zile nguo." Nami, Shangazi, nikamjibu, "Usijali, Mzee."

Silali vizuri. Nikimwambia dada, nitakuwa nimemvunja moyo mtu aliyeninyima kila kitu chake ili mimi nisome, na nitamwonyesha kwamba alimdhalilisha mwalimu wake bure. Nafikiria niende nyumbani kwa Mzee kimyakimya nimwambie peke yetu, au nimshawishi dada amrudishe kwa kisingizio kwamba kazi zimekuwa nyingi. Nishauri, nifanye lipi?

Mdogo wa Bosi

SHANGAZI ANAJIBU:

Mdogo wa Bosi, nimefika mwisho kama ulivyoniomba, sasa kaa vizuri nikukaripie.

Lakini kwanza nikupe haki yako. Kosa la kompyuta nimekusamehe hata kabla sijageuza karatasi. Mimi mwenyewe niliwahi kumpa binamu yangu barua ya marehemu mama aisome, akanirudishia imepigiwa mistari ya kalamu nyekundu kila mahali ilipompendeza. Nilitaka asome maneno, sikutaka aiguse karatasi, ila sikumwambia, na sikutengeneza nakala. Nililia. Kwa hiyo najua linavyotokea, na najua linamtokea mtu yeyote mwenye haraka.

Na ukasema "aliyeninyima kila kitu chake." Hapana, mwanangu, dada yako alijinyima, wewe hakukunyima kitu. Umechanganyikiwa kwa hatia mpaka maneno yanakugeukia, na hilo linaniambia kwamba moyo wako bado uko mahali pake.

Sasa kosa lako. Siku ile uliyoandika mstari mmoja ukanyamaza, kompyuta haikuhusika tena. Ulikuwa wewe na mdomo wako. Ukazisahihisha kadi za wateja wote, kiuno cha dada ukakirudisha, ukamwacha mtu mmoja tu bila kusahihishwa. Na dukani, mzee wa watu anakuomba radhi kwa kosa lako, nawe unamwambia usijali! Hapo nilisimama nikanywa maji.

Unaogopa dada atavunjika moyo. Atavunjika, ndiyo. Alimtukana mwalimu wake mbele za watu kabla hajauliza, na hilo ni lake, usimbebee wala usimfiche. Ila fikiria na mwenzako. Kuna mtu anaamka kila asubuhi akiamini kwamba macho yake na mikono yake, vitu alivyoishi navyo maisha yote, vimemgeuka. Hata daktari hamwamini. Kila siku unayokaa na siri hii inaongeza kitu juu ya mzee huyo, kama zile sentimita zako.

Habari ya kisingizio cha kazi nyingi, ifute. Atarudi akiamini anahurumiwa, na dada atakuwa anamchungulia begani kila akipima. Habari ya kwenda kwake kimyakimya nayo haitoshi. Utakuwa umesafisha nakala, mwanangu, nayo ile yenyewe umeiacha chafu. Jina lake lilichafuliwa karakanani, mbele ya vyerehani sita na wahudumu kumi na wawili.

Kesho asubuhi, kabla mafundi hawajafika, mkalishe dada mbele ya kompyuta. Iwashe ile programu ya zamani, weka kadi yake, mwambie atoe karatasi ya kukatia mara tano kwa mkono wake, kisha aangalie kiuno chake. Usimhutubie. Akilia mwache alie, akikufokea pokea.

Halafu mwende wote wawili kwa Mzee, yeye aombe lake na wewe uombe lako, na mumwombe aje karakana siku moja tu. Msimsihi arudi kazini. Hilo ataamua mwenyewe, na akikataa ana haki yake. Mwiteni na yule msimamizi wa hoteli aliyeacha kucheka. Mafundi wakiwa wamekaa, simama useme kosa lilikuwa la nani, kwa sauti ya kufika kwenye cherehani cha mwisho. Kisha Mzee akupime wewe, kifua, kiuno, nyonga, ataje namba, na dada aziandike kwenye daftari jipya. Daftari hilo libaki pale, kompyuta iwepo isiwepo.

Ile futi itoe kwenye msumari wewe mwenyewe, uende nayo mkononi. Na ukifika mlangoni kwake usianze na habari za thamani na rejeleo. Lile "nisamehe" alilokupa dukani halikuwa lake. Mrudishie.