Ningu na Maji ya Kuogea Mtoto

Mpendwa mke wangu, Mama Fide,

Huko ulikotangulia, pokea salamu za mwanamume mwenye bahati kuliko wote, kuanzia Maposeni mpaka Songea mjini. Mwenzio nimeukata! Mvua za kwanza zimenyesha, samaki wetu ningu wameupanda tena mto kwenda kutaga, na juzi nimekula mmoja, mkia umening'inia nje ya sahani. Tena nimevaa shati la mtumba wa Ulaya. Ungeniona ungenipenda upya.

Unakumbuka tulivyokuwa tukiwangoja? Mimi na mgono wa kutegea begani, najisifu nimevua mpaka Malawi. Wewe umepiga magoti ukingoni, unatumbukiza kiwiko majini, vilevile ulivyopima maji ya kumwogeshea Fide alipokuwa mchanga. Baridi ikikuuma unasema, "Haya, tega." Msimu ule kabla hatujakuzika ulikitoa polepole, ukakifuta kwa kanga.

"Baba Fide, haya ni maji ya kuogea mtoto. Ningu watageukia huko huko chini."

"Basi tuwapelekee sabuni," nikasema.

Hukucheka, wewe uliyecheka hata mizaha yangu mibovu. Ukaunyoshea kidole ukingo mtupu. Ruzuku ya mbolea ilipoondolewa, sote tulikimbilia kulima madimba, vishamba vya ukingoni mwa mto, kwenye udongo wenye rutuba ya bure. Miti ya kivuli, mikuyu na mivengi, tukaiangusha, jua likabaki kuyachemsha maji kutwa.

"Rudisheni kivuli," ulisema.

Basi nimelipeleka neno lako kwenye kikao cha kijiji. Nikasimama, msomi mzima wa darasa la nne, nikasema kila mwenye dimba auache ukingo, tuoteshe miti, maji yapoe. Jirani yetu Baba Osmunda akadakia, "Mto si chai, Baba Fide! Utaupoza kwa kuupuliza?" Watu wakavunjika mbavu, na mimi nikacheka nao, maana mzaha ulikuwa mzuri. Halafu akauliza taratibu, "Na wanangu wale nini, mbolea ikiwa bei hiyo?"

Nimeanza peke yangu. Dimba letu silimi tena. Nimeotesha mivengi mpaka pale ulipokuwa ukipiga magoti. Jioni naimwagilia huku naisimulia safari zangu za Malawi, naongeza chumvi nipendavyo. Nyumbani hakuna wa kunikatiza, "Muongo wewe!"

Leo asubuhi nimekunja mkono wa shati la Ulaya, nikatumbukiza kiwiko changu. Nimekiacha majini muda mrefu, nikingoja kiume baridi iniume.

Pumzika, mke wangu. Miche imenifika magotini, kivuli chake hakimtoshi hata chura. Ukweli, ningu hawajapanda. Juzi nilikula ugali kwa mchicha.

Ni mimi mumeo,
Baba Fide