Pasi ya Treni ya Marehemu Amur

Ibra, Ash Sharqiyah,
Oman.
9 Novemba 2025.

Mpendwa dada yangu Khole,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumai barua hii inakukuta u mzima, na lile goti lako limepungua uvimbe kabla baridi ya Hamburg haijakaza. Usiache kulikanda usiku, hata ukichoka.

Mimi mwili mzima, alhamdulillah. Moyo ndio bado. Nimetoka eda, nimerudi kuvaa nguo za rangi, lakini gari la samaki wa pwani ya Ashkhara likipita mtaani bado natoka mbio kumwambia muuzaji asipige honi, Amur amelala. Anainamisha kichwa, masikini, anapita polepole.

Ahsanteni kwa khitma mliyomsomea huko. Binti yangu Shurooq alituonyesha picha ya nyumba yako imejaa watu, na sote tulilia.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike. Huenda shemegi yangu Nadhir, ndugu yake Amur, ameshakuletea ujumbe uandike karatasi ya mwaliko kwa ajili ya viza, yake na yangu. Nakuomba usiiandike. Nitakueleza sababu, ingawa kila nikilieleza jambo hili napata kinyaa kama mtu aliyekuta unywele mdomoni.

Unajua Amur alizaliwa Tabora, babake akiwa na duka karibu na stesheni. Alikuja Oman kijana, nchi isiyokuwa na treni ya kupanda, na kiu yake haikuisha. Treni ikionekana kwenye televisheni aliacha kutafuna. Alipostaafu akasema tutakuja kwako kwa treni, mji kwa mji, na tukanunua pasi mbili za kupandia treni za Ulaya, yake na yangu.

Kuichagua tu kulimchukua msimu mzima wa tende. Iko pasi ya kupanda kila siku mfululizo, na iko ya siku chache ndani ya mwezi mmoja. Alichagua ya pili, kwa sababu ya miguu yangu; alitaka tukifika mji tukae, tulale, tununue matunda kama watu. Njia yake ilianza Vienna, ikaja Salzburg, Munich, Cologne, ikaishia kwako. Na kati ya Mainz na Koblenz alikataa treni ya kasi, akachagua ile ya polepole inayoshika ukingo wa mto. Alisema ya kasi inapita ndani ya mahandaki, na yeye hakungoja umri wote huu aje kutazama kiza.

Hakuwahi kupanda hata moja ya treni hizo. Hayo unayajua.

Jumatano iliyopita Nadhir alinipigia simu akasema anakuja kwa jambo la kheri, na atamleta mwanangu Wadhah kutoka Nizwa. Nilidhani ni habari ya kisima anachotaka kumchimbia nduguye sadaka. Nikapika, nikatoa halwa na kahawa. Nadhir akala halwa kwa vidole, akavilamba kimoja kimoja, kisha akanyoosha mkono akataka simu ya Amur, kwani pasi zenyewe zimo ndani ya simu hiyo. Nikampa. Ile pasi akaifungua mbele yangu, na mafuta ya halwa yakabaki juu ya jina la mume wangu.

Jambo la kheri lilikuwa hili. Wakala aliyetuuzia amesema pasi haibadilishwi jina wala hairudishwi. Basi Nadhir ameona isiharibike: yeye atasafiri nayo, kwa jina la Amur. Mimi mwanamke siwezi kwenda peke yangu, kwa hiyo ananisaidia. Nikamwambia shemegi si maharimu wangu, sheria hainiruhusu kusafiri naye. Akasema hayo ya vitabuni, huko Ulaya hakuna anayeuliza.

Njia ya Amur ameshaivunja. Kaondoa Salzburg, kaondoa mto, katia Milan na Paris, maduka na uwanja wa mpira. Usiku tulale ndani ya treni, viti vya kukaa, ili tuikamue pasi mpaka tone la mwisho. Hakujua hata kwamba treni nyingi za kasi za kwenda Paris zinataka kiti kilipiwe kando, na pasi pekee haitoshi. Amur alijua.

Nikamuuliza, mkagua tiketi akitaka pasipoti je? Akacheka. Akasema Wazungu watasoma jina la mwisho tu, nalo ni moja. Halafu akaomba picha ya pasipoti ya Amur, apate kupunguza ndevu zake vile vile. Na mwanangu alikuwa akitabasamu ndani ya kikombe chake. Kisha Nadhir akasema, mbele ya mtoto wangu, "Wiki mbili tu, shemegi. Wiki mbili mimi ndiye Amur, na wewe uko na mumeo."

Unanijua, mimi si mtu wa kupaza sauti. Nilimwambia polepole, "Nadhir, wewe ndiye uliyeshuka kaburini. Mikono yako ndiyo iliyompokea ikamlaza mwanandani. Leo unataka kumvaa?"

Wadhah akaweka kikombe chini. Nadhir akasema wanawake kila kitu tunakifanya msiba, na kwamba pasi ni mirathi kama mirathi nyengine. Hata hilo si kweli. Ndugu harithi mbele ya mtoto wa kiume, na yeye huyo ndiye anayetufundisha sisi sheria. Akaondoka bila ya kunawa. Nilikipangusa kioo cha simu kwa kanga, kisha kwa maji, kisha kwa marashi, na bado nilikiona kimechafuka.

Ijumaa Wadhah alirudi peke yake. Hakuomba radhi kwa maneno. Alikaa chini miguuni pangu, akasema ameshaomba likizo kazini, na amenunua pasi ya aina ile ile kwa jina lake mwenyewe, tupande siku moja na kushuka siku moja. Likizo yake fupi, kwa hiyo Vienna na Salzburg tumeziacha, tutaanzia Munich. Alitaka kupunguza na mto pia. Nikamtazama tu, akaurudisha.

Pasi ya Amur ipo palepale. Yangu Wadhah ameihamishia kwenye simu yangu, kisha nimeizima simu ya Amur, nikaifungia kabatini. Muda wa pasi yake ukiisha, uishe. Nadhir sijamkata, ni ami ya watoto wangu, akija nampikia. Ila kahawa anatiliwa na Wadhah, mimi siwezi bado kuitazama ile mikono.

Nisalimie mumeo Khattab, na mwanao Wiam na watoto wake. Shurooq anakubusu mikono kutoka Sur, skuli hawajafunga. Fawziya jirani anasema usisahau mbegu za maua. Mwenyezi Mungu akulinde na baridi na upweke, atukutanishe tukiwa na afya.

Karibu nisahau. Kwenye mwaliko utakaotuandikia badala ya ule wa Nadhir, weka majina mawili, langu na la Wadhah. Pana mahali wanauliza hali ya ndoa. Wadhah alitaka tuparuke, anaona neno lenyewe litaniumiza. Paandike. Andika mjane, kwa herufi kubwa, asije mtu wa stesheni yoyote akanidhania vyengine.

Mdogo wako anayekupenda siku zote,
Mahfoudha