Ukurasa ulioniachia, maman

Mwaka umetimia, maman Eulalie, tangu ufumbe macho nyumbani kwetu Nguba, tarehe kumi na nne ya mwezi wa kumi na moja. Tangazo hili lilitakiwa kutoka siku ile ile ya kumbukumbu. Limechelewa siku nne, na sababu yake utaisikia humu humu. Wengine watakaolisoma watuvumilie, maana tunazungumza na wewe kwanza.

Papa alisema niandike mimi, Noëlla, kifungua mimba wako. «Andika wewe. Ni wewe ulianza.» Hakusema kwa hasira. Alikuwa anafunga kamba za viatu vyake vya misa. Nilikubali, kwa sababu ni kweli.

Kwenye karatasi za Serikali uliitwa Nabintu M'Bisimwa, citoyenne, yaani raia, maana majina ya ubatizo yalikatazwa. Nyumbani ulibaki Eulalie, na kule garage uliitwa Msomaji wa Kwanza. Mzungu aliyejenga nyumba hii aliweka gari mle ndani. Wewe uliweka viti ishirini na viwili, meza mbili na saa ya ukutani. Kanisa letu dogo halina padri wala pasta, wala kibao mlangoni. Watu wawili wanasoma mbele, wengine wanasikiliza, basi. Tunaamini kwamba Mungu ni Akili na Uzima na Upendo, na kwamba ugonjwa si kazi ya mikono yake, kwa hiyo tunauombea na hatuutaji jina. Majirani walituita «batu ba kimya», na wewe ulicheka tu. Ulisema wangetuita vibaya zaidi kama tungepiga ngoma.

Juma lako tulilijua kwa mikono yako. Jumatatu ilinuka nta ya sakafu. Alhamisi ilikuwa na wino kwenye vidole, maana somo lilitufikia kwa posta katika Kifaransa na wewe ulilitia katika Kiswahili, mstari kwa mstari, ukiandika ndani ya bahasha za zamani ulizozipasua. Karatasi safi uliionea huruma. Mimi nilipiga stensili ya kutolea nakala kwa mashine ya ofisini saa ya mapumziko, mkubwa wangu akijifanya haoni. Jumamosi, tukishatoka salongo, ile kazi ya lazima ya kufagia barabara, ulivaa kikwembe safi na kufungua garage kwa yeyote aliyetaka kuja kusoma vitabu vyetu. Mara nyingi hakuja mtu.

«Bangapi leo, maman?» tulikuuliza ukirudi.

«Nilipata musomaji mumoja.»

«Nani?»

«Mimi.»

Mvua ikinyesha, manjanja ya paa, yale mabati ya zamani, yalivuja juu ya kiti cha maman Colette, Msomaji wa Pili. Ulimwekea sufuria pembeni na mkaendelea kusoma, yeye akiinua sauti juu ya matone. Na papa wetu Grégoire, aliyebaki Mkatoliki wake, alitoka misa ya kwanza kila Jumapili akaja moja kwa moja kupanga viti. Hakukalia hata kimoja. «Mimi naombaka na mabega,» alisema.

Kuna watu hapa Bukavu wanaofikiri wewe ulikataa hospitali. Hapana! Hilo lazima litoke leo. Mtoto wa maman Rosalie, jirani yetu anayekaa kiti cha mwisho karibu na mlango, alipowaka homa mwili mzima, ni wewe uliyembeba mgongoni mpaka kwa daktari, ukalala chini ya kitanda chake siku tatu. Kuna walionong'ona juu yako. Uliwajibu mlangoni mwa garage: «Mungu haiko na wivu na daktari.» Nilikuwepo. Nilisikia kwa masikio yangu, na ndiyo maana sina mahali pa kujificha.

Sasa nifike kwenye Jumatano ile.

Jumatano ni siku ya shuhuda. Mnasoma kidogo, halafu Msomaji anafunga kitabu, na kimya kinaingia. Hakuna anayeitwa. Anayetaka anasimama mwenyewe, anasema wema aliotendewa. Sheria yako ilikuwa moja tu, na ulituimbia tangu utoto: ushuhuda ni wa jambo lililokwisha. Kama bado linaendelea, kaa, omba, ngoja.

Ulikuwa ukikohoa tangu mwezi wa sita wa mwaka jana, wakati wa vumbi. Mwezi wa saba ulipata siku nne za kupumzika. Nilihesabu, siku nne umelala bila kikohozi. Jumatano ikafika, na walikuja wageni wawili, walimu, watu wa vitabu, waliotaka kuona tunaomba namna gani. Ulifunga kitabu. Kimya kikaingia, kikakaa. Dakika tano. Dakika saba. Niliangalia saa, nikawaangalia wale walimu wakitazamana, na nilipata haya, maman. Niliona watatoka wakisema hapa hakuna kitu, hapa watu wanalala na macho wazi. Wewe ulizoea kunitania kwamba mudomo yangu inakimbia mbele yangu. Siku ile mdomo ulikimbia kweli. Nilisimama.

«Maman yangu alikuwa mugonjwa wa kifua,» nilisema. «Tuliomba. Amepona kabisa.»

Mtu alisema «Aksanti Mungu». Maman Colette alipangusa macho. Wewe uliniangalia kutoka mezani, kisha ukainamisha kichwa ukatafuta namba ya wimbo. Uliitafuta muda mrefu, wewe uliyezijua zote kwa moyo.

Nyumbani uliniita jikoni.

«Noëlla, nani alikuambia nimepona?»

«Maman, umelala vizuri siku ine.»

«Kulala haiko kupona.»

«Basi nitasema Jumatano ijayo kama nilikosea.»

Uligeuza majani ya sombe kwenye sufuria. Nilikuona unafikiri. «Mbele ya bale bageni? Mbele ya Colette? Watakuita muongo, mutoto yangu. Acha. Pengine nitapona, na itakuwa kweli.»

Na mimi, ole wangu, niliacha. Nilifurahi hata. Nilikula vizuri jioni ile.

Kikohozi kilirudi juma lile lile. Hatukukisikia, kwa sababu ulianza kupenda redio. Wewe ambaye ulisema hiyo miziki ya orchestre inakupasua kichwa! Ghafla redio ikawa inaimba jikoni asubuhi na mchana, kwa nguvu, na papa akakutania: «Eh, maman, umekuwa kijana wa ngoma!» Ulicheka. Papa hajajisamehe utani ule. Redio hiyo hajaiwasha tangu tukuzike, iko juu ya kabati imefunikwa kitambaa.

Na kwenye kusoma ulianza kukata sentensi katikati, ukinywa maji kidogo kidogo. Maman Colette alisifu, akasema sasa unasoma kwa utulivu mkubwa kuliko zamani.

Benoît, kitindamimba wako, muganga wa dispansari kule Mudaka, hakudanganyika. Mwezi wa tisa alikuja na pikipiki, akakukuta nyuma ya migomba umeinama, umeshika mbavu. Alikwambia: «Maman, panda. Twende hospitali sasa hivi.»

«Nikipanda hii pikipiki yako, batasema nini juu ya dada yako?»

«Waseme!»

«Alishuhudia mbele ya Mungu na mbele ya batu. Mimi siogopi hospitali, Benoît, unajua. Lakini sitaki mutoto yangu aitwe muongo ndani ya kanisa ambayo nilifagia na mikono yangu.»

Benoît alikasirika, akaondoka bila kula. Anasema hiyo ndiyo dhambi yake, kwamba alikasirika badala ya kukubeba kwa nguvu. Papa anasema ya kwake ni utani. Wanajitahidi wote wawili kugawana nami mzigo uwe mwepesi. Aksanti yao. Lakini mimi nilijua lini? Benoît aliniambia siku ile ile, kwa telefone ya ofisi. Nilikuwa na Jumatano tisa kabla ya kufa kwako. Mara tisa kimya kiliingia, na mara tisa niliangalia viatu vyangu. Tulipokupeleka hatimaye, daktari alitikisa kichwa, akasema turudi nyumbani na wewe.

Wewe ndiye uliyeshika kaye ya shuhuda, daftari lile lenye jalada la buluu. Kila Jumatano uliandika tarehe, jina, na neno lililosemwa. Mwaka mzima hakuna aliyeifungua. Mwezi huu, tukijiandaa kwa kumbukumbu, nikaitoa kwenye sanduku lako. Nikaitafuta tarehe ile. Nikaikuta. Uliandika «Noëlla», nukta mbili, halafu hakuna kitu. Ukurasa mzima mweupe. Ushuhuda unaofuata umeanza ukurasa mwingine. Wewe, maman, uliyeandika ndani ya bahasha zilizopasuliwa ili usipoteze karatasi!

Nilikaa sakafuni na kaye ile magotini. Hukuandika uongo wangu, na hukuandika kwamba nilidanganya. Ulinitunzia nafasi.

Hapo Benoît akaleta habari nyingine. Maman Rosalie anakohoa tangu mwezi wa nane. Amekonda. Benoît alipomwambia aende hospitali, yeye alimjibu: «Maman Eulalie alipona kifua bila sindano, na Noëlla alishuhudia. Mimi pia nangojea.» Kumbe maman Colette amekuwa akisimulia ushuhuda wangu kwa kila mgeni, kwa moyo safi kabisa. Alisema ulipona kifua, halafu baadaye ulikufa kwa uchovu wa kazi. Uongo wangu ulikuwa bado unafanya kazi, maman, na ulikuwa umeketi kwenye kiti cha mwisho karibu na mlango.

Jumatano hii, siku ya kumbukumbu yako, papa aliingia garage na kukaa kwenye kiti, mara ya kwanza katika maisha yake. Benoît alikaa kando yake. Maman Colette alisoma mezani pako, akafunga kitabu. Kimya hakikupata hata nusu dakika.

Nilisema hivi: «Mwaka jana nilisimama hapa nikasema maman yangu amepona. Hakupona. Hakupona hata siku moja. Nilisema vile kwa sababu nilipata haya mbele ya wageni. Yeye alijua, akanyamaza ili msiniite muongo, akakohoa nyuma ya redio mpaka akafa. Angeenda hospitali. Alitaka kwenda. Mimi ndiye niliyemfungia mlango. Maman Rosalie, usiningojee mimi.»

Nikaketi. Kwetu ushuhuda haujibiwi; tuliimba wimbo, tukatoka. Nje, maman Colette alinishika mkono.

«Ushuhuda ule ulinisimamisha mwaka huu wote, Noëlla. Nilipomulilia maman yako, niliushika ule.»

«Najua, maman Colette. Unisamehe.»

Aliachia mkono akaenda. Leo Jumapili amepanga viti pamoja na papa, amesoma vizuri, lakini bado hajanisalimu. Sitamlaumu.

Alhamisi asubuhi Benoît alikuwa anapasha moto pikipiki ili arudi Mudaka. Nilisikia mtu anakohoa kwenye kipito cha uani. Alikuwa maman Rosalie. Alikuwa amevaa kikwembe cha safari, na sahani na kikombe amevifunga kwenye kitambaa, kama mtu anayejua hospitali hawapi sahani. Alishika mlango wa uzio, akakohoa kwa nguvu, mchana kweupe, wapita njia wakimwangalia, na hakujizuia. Papa alitoka na kiti, akamwambia: «Kaa, maman. Kohoa tu. Kohoa taratibu.» Mimi nilikaa kwenye ngazi ya jikoni nikalia kama mtoto, kwa sababu hiki kitu kidogo, kukohoa nyumbani kwako bila kuogopa, sisi tulikunyima.

Ndiyo sababu tangazo limechelewa. Hatukutaka kuja kwako mikono mitupu, tulingoja habari. Jioni hii Benoît amerudi kutoka hospitali. Maman Rosalie wamembakisha, watamtibu miezi kadhaa. Daktari alisema ataishi, kwa sababu amefika mapema.

Amefika mapema, maman. Nimeandika neno hilo kwenye ukurasa ulioniachia, chini ya jina langu, kwa wino, baada ya ukweli wote.

Wanaokukumbuka ni mume wako Grégoire, anayetafuta mtu wa kubadilisha manjanja yale yanayovuja; mwanao Benoît wa Mudaka; maman Rosalie, aliyeomba jina lake liwekwe hapa pamoja na watoto; ndugu zako wote wa kule Mumosho; kusanyiko la garage, pamoja na maman Colette hata kama hajanisemesha; na mimi, Noëlla, mutoto yako, ambaye hukutaka aitwe muongo.

Kila Jumatano kimya kikiingia, tutakukumbuka, maman, siku zote tutakazopewa.

Bukavu, tarehe 18 mwezi wa kumi na moja, 1979