Ng'ombe Ishirini na Wawili kwa Mshahara Usiokuwepo

Mama Klementina, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa hapa Bariadi, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanicheka, maana nimekwama na hakuna mtu wa karibu ninayeweza kumwambia bila habari kufika kwetu Bukundi kabla yangu.

Nina miaka thelathini na mmoja, nimeolewa, nina mtoto mmoja wa kike, na kazi yangu kwa jina ni mchambuzi wa fedha katika kampuni ya mikopo yenye tawi hapa mjini, ndivyo ilivyoandikwa kwenye kitambulisho ninachovaa shingoni, lakini kazi yenyewe Mama ni kupanda pikipiki ya kampuni kwenda Lagangabilili na vijiji vya mbele kuangalia kama duka la mtu anayeomba mkopo lipo kweli, kuhesabu mbuzi wake, kupiga picha mashine ya kusaga, kurudi ofisini kujaza fomu, halafu fomu inakwenda Mwanza ambako ndiko waliko wachambuzi wenyewe, wako watano, wanaume wanne na dada mmoja, wote wana CPA ya uhasibu au shahada ya pili, wanakaa kwenye kiyoyozi wakitengeneza makadirio ya mwaka, na mmoja wao anaitwa Keneth, nilisoma naye darasa moja na takwimu nilikuwa namfundisha mimi, leo ananizidi mshahara mara nne kwa sababu tulipomaliza chuo alikwenda kujifunza kazi benki moja Dar mwaka mzima bila malipo, anakula na kulala kwa mjomba wake, na mimi mjomba wa Dar sikuwa naye.

Mshahara wangu ni laki sita na nusu, ikishakatwa kodi na mfuko wa hifadhi na bodi ya mikopo nabakiwa na laki nne na nusu, rafiki yangu Jenipha anafundisha sekondari na ananizidi. Mkataba wangu ni wa mwaka mmoja mmoja, na tangu Januari wameleta mfumo wa kompyuta unaompa mteja alama zake za kukopesheka kabla mimi sijavaa hata helmeti, meneja anasema tusiwe na wasiwasi, lakini tulikuwa wanne na sasa tumebaki wawili.

Sasa kosa langu ni hili. Nikiwa mwaka wa pili chuo nilirudi nyumbani likizo, baba mdogo Shigela akaniuliza mbele ya wageni hiyo kazi ninayosomea inalipa shilingi ngapi, mimi sikujua, nikaona aibu kusema sijui, nikafungua simu nikapata ukurasa wa nchi za nje unaoeleza wachambuzi wa fedha wanapata kiasi gani kwa mwaka na watahitajika wangapi miaka inayokuja, nikagawa kwa kumi na mbili, nikageuza kuwa shilingi, ikanitisha mwenyewe, kwa adabu nikaikata nusu, nikaikata nusu tena, na nusu tena, ikabaki kama milioni mbili na nusu, nikamtajia hiyo. Watu wakapiga makofi.

Miaka mitano baadaye akaja Athanasi kunioa, kwao ni Kalemela, anauza dagaa hapa Bariadi sokoni. Kwetu wakati ule binti alikuwa anaolewa kwa ng'ombe kumi na wawili, akiwa amesoma, kumi na watano, na msemaji wetu siku ya maongezi alikuwa huyo huyo baba mdogo. Mimi nilikuwa chumba cha ndani na mama, nikamsikia kwa masikio yangu akisema, "Huyu si wa kulima pamba. Huyu ni mchambuzi wa fedha, milioni mbili na nusu kila mwezi, na hiyo ni ya kuanzia. Ninyi mnatutajia ng'ombe kumi na watano, mmekuja kuoa au mmekuja kutusalimia?" Wakatoka nje kushauriana, wakarudi na ishirini na wawili. Wakati huo nilikuwa na miezi minane kazini, mshahara wangu naujua mpaka senti ya mwisho, ningeweza kumtuma mama akamnong'oneze baba. Sikumtuma. Nilijisikia fahari, Mama Klementina, nilijiona mwanamke wa ishirini na wawili. Sijawahi kumwambia mtu hilo.

Wale ng'ombe waliokotezwa kwa baba zake wadogo wote, na mdogo wake Athanasi, Ngassa, mpaka leo hajaoa kwa sababu zizi lao lilihamia kwetu. Wakwe wanaamini nitawarudishia kwa mshahara. Na hapo kuna jambo silielewi, mwezi wa tano mama mkwe alinipigia kunishukuru kwa Kisukuma chetu, akasema, "Mayu, wabeja sana, laki moja na nusu ya mabati imefika," na mimi sikutuma hata mia, nikadhani kachanganya watu, nikasema haya mama, nikakata simu, na imetokea mara tatu sasa. Athanasi kwa miaka mitatu hajaniuliza hata siku moja napata kiasi gani, mwisho wa mwezi ukifika nakuta ameshanunua unga na mafuta, na mimi nikimwangalia namna anavyonyamaza najua kuna siku anaisubiri.

Sasa kuna mdogo wangu Debora, ana miaka kumi na tisa, kidato cha sita amepata daraja la kwanza, hisabati ndiyo usiseme. Tangu mdogo alitaka kuwa mwalimu wa hisabati. Juzi ananipigia, "Dada, siwezi kwenda kushika chaki wakati nina mfano ndani ya nyumba," halafu akanitumia ukurasa kwenye simu, wa aina ile ile, mishahara mikubwa na ajira zinazoongezeka, akaandika chini yake, "Kumbe ulijua mapema!" Baba naye ameamua, mwisho wa mwezi anapeleka ng'ombe sita mnadani, katika hao hao walioletwa kwa ajili yangu, Debora akasomee fedha Dar, na wanakuja kwangu ili mimi ndiye nimjazie maombi ya chuo.

Nikisema kweli, baba atajua, baba mdogo ataaibika, Kalemela watasikia, na Athanasi atadai ng'ombe wake na mimi nitarudi Bukundi na mtoto. Nikinyamaza, mdogo wangu atakuja kupanda pikipiki kama mimi, kama hizo pikipiki zitakuwa bado zipo. Nimefikiria nimwambie tu kwamba masomo ni magumu, lakini yule hakuna hesabu inayomtisha. Nisaidie Mama.

Mchambuzi wa jina tu, Bariadi

MAMA KLEMENTINA ANAJIBU

Marahaba. Sikukucheka. Nimekukasirikia.

Kazi yako, hata hiyo ya pikipiki, ni kuwakamata watu wanaotaja namba zisizokuwepo. Mtu akikuambia duka lina mali ya milioni kumi unaingia ndani unahesabu vipande vya sabuni. Halafu siku ya shughuli yako mwenyewe ukasikia namba ya uongo imesemwa kwa sauti kubwa, namba uliyoizaa wewe, ukakaa nayo kimya kwa kuwa ilikupendeza. Usimsingizie baba mdogo Shigela. Yeye alitangaza alichopewa.

Pole nakupa, maana unaistahili. Umepewa jina kubwa na kazi ndogo, na barua za namna yako ninazo droo nzima. Ule ukurasa wa simu haukukudanganya, ulikuwa unawasema watu wengine wa nchi nyingine. Na hapa kwetu kazi hiyo ipo na inalipa, ila viti vyake ni vichache, vingi viko Dar es Salaam, na anayevikalia mara nyingi ni kijana wa kiume aliyepata wa kumlisha huku akijifunza kazi bure, na wa kumlipia mitihani ya CPA. Wewe uliyajua haya yote, umeniandikia mimi vizuri kabisa. Debora hukumwambia.

Sasa Athanasi. Umeandika kurasa nzima za kumwogopa, na ushahidi wako wote unamtetea yeye. Mara tatu mama mkwe anashukuru fedha ambayo hukutuma, na wewe mchambuzi mzima hujajiuliza imetoka wapi? Nani mwingine atume fedha kwa mama yake kwa jina lako? Mtu anayeuza dagaa kwa kipimo anajua bei ya kila kitu, na mshahara wako ameujua zamani. Usifurahi haraka. Sijui kama anakufichia kwa kukupenda au kwa kuona haya kwamba ukoo wake ulipigwa bei mchana kweupe. Inawezekana ni yote mawili. Ninachojua ni kwamba miaka mitatu analipia uongo wako kwa jasho la sokoni, na shukrani yake ni wewe kumwona adui anayekuvizia. Hilo linaniuma kuliko huo mshahara.

Kwa hiyo hofu ya kuachwa iweke pembeni. Kilichobaki ni kimoja, nacho hukukiandika: unaogopa Debora asije akakuona wa kawaida. Uko tayari mtoto apoteze miaka mitatu na baba apoteze ng'ombe sita ili wewe uendelee kuitwa mfano ndani ya nyumba. Soma sentensi hiyo mara mbili.

Ukimaliza, chukua hati yako ya mshahara umpe Athanasi, mwambie, "Ile namba niliitoa mimi." Usianze na kilio, anza na maneno. Mwombe msamaha kwa miaka mitatu, siyo kwa laki nne. Halafu mwende wote wawili kwa baba. Mwambie hao sita wasiende mnadani, wana kazi nyingine: Kalemela kuna kijana anaitwa Ngassa hajaoa kwa sababu ya namba yenu. Baba atafoka, na baba mdogo atafoka zaidi. Waache wafoke, wana haki yao. Debora ana daraja la kwanza, aombe mkopo wa bodi kama ulivyoomba wewe, kwa masomo yoyote atakayochagua.

Na usichelewe. Majina ya watu nimeyabadilisha yote. Idadi ya ng'ombe nimeiacha ilivyo, kwa sababu bila hiyo barua yako haieleweki, na mtu wa kwenu akisoma ishirini na wawili atajua ni nani. Gazeti hili linafika Mwanhuzi, mjini karibu na kwenu Bukundi, Ijumaa. Ukikasirika nami, sawa.

Debora mpigie leo. Usimwandikie ujumbe, mpigie akusikie sauti. Mwambie unalipwa kiasi gani, unafanya kazi gani hasa, mlikuwa wangapi na mmebaki wangapi, na ile milioni mbili na nusu ilitoka kwenye kichwa cha nani. Usimkataze kusoma fedha, huna haki hiyo. Akisikia yote na bado akaitaka, mpe namba ya Keneth na umwambie atafute pa kujifunzia kazi tangu mwaka wa kwanza, asisubiri kumaliza. Akirudi kwenye hisabati yake, mwambie ukweli kwamba na ualimu nao una foleni ya ajira, asije akadanganywa mara ya pili na mtu yule yule.

Atalia. Mwache alie sasa hivi ana miaka kumi na tisa na maombi bado hayajajazwa. Wewe umekuja kulia ng'ombe wa watu wakiwa wameshaingia zizini.