Kompyuta Nyeusi ya Masalu

Mabatini, Mwanza

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Tafadhali usinijibu kwamba umepona, maana baba mdogo ameniambia unatembelea fimbo. Mimi mzima. Naandika kwa mkono kwa sababu simu yako kila mtu hapo nyumbani anaipokea, na kompyuta ya kazini siiamini kabisa.

Hapa steshenari nilikuwa nafanya kazi na Masalu, mpwa wa bosi. Siku moja akaichukua kompyuta yetu iliyokuwa inakwamakwama, akafuta kila kitu, akaweka Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya ule tuliouzoea. Sawa. Lakini ukiiwasha unakuta giza tupu! Hakuna picha za kubofya, hakuna hata pa kuzimia. Brauza yenyewe, ile ya kuingilia mtandaoni, inafunguliwa kwa vitufe anavyovijua yeye. "Dada Nyangeta, hii nyepesi, haichoshi mashine," ananiambia. Nyepesi kwa nani? Nikasema moyoni, huyu anataka nishindwe kazi nifukuzwe, alete mtu wake.

Halafu kila nikisogea anabonyeza vitufe viwili, ukurasa unapotea. Namuuliza, "Ulikuwa unaangalia nini?" "Mpira tu, dada." Mpira gani saa mbili asubuhi? Nikaanza kuvichunga vidole vyake huku najifanya natoa kopi. Alipotoka kununua mihogo, nikakaa, nikabonyeza kama yeye. Mama wee, ukurasa ukarudi! Kumbe haukuwa umefungwa, ulikuwa umesogezwa pembeni tu. Alikuwa anaomba kazi Dodoma.

Ameipata, ameshaondoka. Na kwa jinsi nilivyomchunguza, sasa ni mimi peke yangu ninayeiweza ile kompyuta. Bosi hathubutu kunifukuza.

Ila juzi aliingia ghafla, vidole vyangu vikabonyeza vyenyewe, skrini ikawa nyeusi. Akanitazama vilevile nilivyokuwa namtazama Masalu.

"Ulikuwa unaangalia nini, Nyangeta?"

"Mpira, bosi."

Mimi na mpira wapi na wapi! Nilikuwa natafuta kazi huko nyumbani Musoma, mama, niwe karibu nawe. Roho inaniuma nikikufikiria unachota maji na fimbo mkononi, halafu unaniambia hujambo.

Usimwambie mtu, hasa shangazi wa kwaya. Msalimie mdogo wangu, na baba mdogo umshukuru kwa kusema kweli.

Ni mimi mwanao, ninayekuamini kwa yote isipokuwa huo mguu,

Nyangeta